Chumvi Katika Pierogi za Genowefa

Kwa miaka kumi na mmoja tangu aolewe na Ireneusz na kuletwa katika nyumba ya mama mkwe wake, kijijini karibu na Łomża, kazi ya Wioleta jikoni ilikuwa kumenya viazi na kuosha vyombo. Pierogi, vile vifuko vya unga vinavyojazwa na kuchemshwa, zilikuwa za Genowefa, mama mkwe huyo. Yeye ndiye aliyekanda unga, akausukuma mpaka ukawa mwembamba, akakata viduara kwa mdomo wa glasi, akavijaza nyama na kubana kingo kwa vidole vilivyokwenda mbio hata macho yakashindwa kuvifuata.

Lakini mwaka ule Genowefa alitimiza sabini na tisa, na kumbukumbu zilianza kumtoroka. Ufunguo wa banda la kuku ulikutwa ndani ya pipa la unga. Mara mbili aliacha gesi ikiwaka chini ya sufuria tupu. Kwa hiyo ilipokaribia tarehe tatu Januari, sikukuu ya mtakatifu mwenye jina lake, alimwambia mkazamwana wake kwamba yeye atakanda na kubana tu, na Wioleta ashughulikie vya kujazia: soseji ya moshi iliyotoka kwa jirani yao Kulesza, isagwe, ichanganywe na viazi vilivyopondwa na kitunguu cha kukaanga.

"Chumvi usitie," alimwambia. "Soseji ya Kulesza inajitosheleza."

Wioleta aliitikia, ila moyoni alichukia. Siku hiyo ameingoja miaka yote, na bado anaelekezwa kama mtoto. Akaonja viazi kabla hajachanganya soseji, akaviona havina ladha. Akachota chumvi kiganjani akanyunyiza, kisha akaongeza kidogo. Genowefa alikuwa amempa mgongo, anasukuma unga huku akiimba nyimbo za Noeli kwa sauti ya chini.

Mchana Bernadeta, dada yake Ireneusz, alifika na mumewe kutoka Białystok, buti zao zimejaa theluji. Pierogi ziliwekwa mezani zikitoa mvuke, zimemwagiwa siagi. Bernadeta akala moja, akanywa maji, akala ya pili nusu na kuiacha. Mumewe alitafuna polepole huku akitazama dirishani.

"Mama," Bernadeta akasema taratibu, "leo umetia chumvi mara ngapi?"

Genowefa akaonja. Akaweka uma chini, akaitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na Wioleta alikuwa nalo mdomoni. Akainamia sahani yake, akasogeza kitunguu upande huu, akakirudisha upande ule.

"Nimesahau, wanangu," alisema Genowefa. "Nadhani nimetia, nikasahau, nikatia tena. Nisameheni."

Bernadeta alimtupia kaka yake jicho. Baada ya kula walisimama wote wawili ukumbini, na Wioleta, akiosha vyombo, aliyasikia yote. Bernadeta alikuwa analia. Alisema mama sasa hawezi kuachwa na moto, na kwamba ikifika majira ya kuchipua itabidi watafute nyumba ya kutunzia wazee. Ireneusz hakubisha. Kesho yake aling'oa vifundo vyote vya kuwashia jiko la gesi, akawa anamwachia mkewe kila anapokwenda kazini.

Tangu hapo Genowefa akawa anakaa kwenye kiti karibu na dirisha, mikono mapajani. Akitaka chai, humwomba Wioleta ruhusa, yeye mwenye nyumba. Na kila alipoomba, uso wa Wioleta ulimwiva. Alijiambia kwamba mama alikuwa anasahau kweli, na chumvi ile haikubadilisha kitu. Alijiambia hivyo siku tisa, na siku zote tisa alishindwa kumtazama yule mzee usoni.

Siku ya kumi, akifungua kabati la sahani, alikuta vikaratasi vimebandikwa ndani ya mlango kwa mwandiko unaotetemeka. Kimoja kiliandikwa: Genowefa, usiguse chumvi. Kingine: Uliza kwanza.

Akaenda dirishani, akapiga magoti mbele ya kile kiti, akamshika mama mkwe wake mkono.

"Mama, ile chumvi niliitia mimi."

Genowefa aligeuka kutoka dirishani. "Nilikukataza?"

"Ulinikataza."

"Na nilipokuwa nawaomba msamaha, wewe ulikuwa mezani?"

"Nilikuwapo, Mama."

"Ukanyamaza." Hakupandisha sauti. Alivuta mkono wake uliokuwa umeshikwa. "Mpigie Bernadeta. Hapa hapa, nisikie."

Wioleta akapiga, akaweka simu kwenye spika. Alieleza kwa sentensi tatu.

"Wifi," Bernadeta akasema, "mimi nimelia wiki nzima kwa ajili ya chumvi yako." Kisha akakata.

Jioni Ireneusz, aliyekwisha kupigiwa simu na dada yake, alirudisha vifundo vya jiko bila kumuuliza mkewe neno. Habari za nyumba ya wazee zikakoma, walau kwa mwaka huo. Ila kikipotea kitu au kikiungua chungu, Ireneusz sasa alianza kwa Wioleta: "Ni wewe au ni Mama?" Alijibu ukweli kila mara, na kila mara aliona mumewe akimchunguza kabla ya kuuamini.

Genowefa hakuwahi kusema amesamehe. Wioleta alingoja wakati mwafaka wa kumwomba tena. Ikafika Kwaresima, na Jumapili moja baada ya misa, nje ya kanisa, mke wa Kulesza akawauliza hali za nyumbani. Genowefa akamshika Wioleta mkono kwa furaha.

"Huyu hapa," akasema. "Tangu aje kwangu hajanifanyia baya hata siku moja."

Wioleta alimtazama machoni, akitafuta mzaha au kijembe. Hakikuwamo. Mzee alikuwa amelisahau lote, na msamaha ambao Wioleta alitaka kuuomba haukuwa na mwenye kuutoa tena. Mke wa Kulesza alikuwa anamsifu, anampapasa bega, naye alisimama pale kwenye theluji iliyoanza kuyeyuka, ameinamisha kichwa, akisema asante.