Kingamwili za Fundi wa Majokofu

Siku aliyoitwa kutengeneza jokofu la kuhifadhia damu kwenye kituo cha utafiti, fundi aliona ukutani tangazo la kutafuta watu wazima wenye afya njema, wasio na virusi vya UKIMWI, wajitolee kwenye majaribio ya chanjo. Akakaza skrubu ya mwisho, akafunga sanduku lake la vifaa, akaenda dirisha la mapokezi kujiandikisha. Hakumwambia mtu.

Sababu alikuwa nayo. Kaka yake mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, alikufa kwa ugonjwa huo. Msibani mama yao alisema ni ajali ya gari, na nyumba nzima ikamfuata. Fundi naye akaurudia uongo ule mpaka ukamzoea mdomoni.

Alichomwa sindano nne kwa mwaka mmoja. Daktari wa utafiti, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimweleza taratibu.

"Ndani ya chanjo hii hamna kirusi. Mna vipande vya protini tu, tumevitengeneza maabara vifanane na vya kirusi. Haviwezi kukuambukiza. Ila mwili wako ukiviona utatengeneza kingamwili, na vipimo vya kawaida vinatafuta hizohizo kingamwili. Ukipima mtaani, kipimo kinaweza kusema unao. Kwa hiyo pimia hapa, sisi tunatafuta kirusi chenyewe. Na mwenzako umwambie mapema."

"Sina mwenza, daktari."

Wakati huo ilikuwa kweli. Mwaka uliofuata akampata: mwoka keki, mwanamke wa maneno machache, ambaye akicheka lazima ashike ukuta. Fundi akawa anapita dukani kwake kila jioni, eti kusikiliza kama friji linaunguruma vizuri. Friji lilikuwa jipya. Mwanamke alijua, akamwacha asikilize.

Posa ilipokubaliwa, mwoka keki akasema, "Kabla ya ndoa tukapime. Sawa?"

"Sawa," akasema fundi.

Alipanga kumwambia njiani. Lakini kusema habari ya chanjo kungezaa swali la kwa nini alijitolea, na swali hilo lingemfikisha kwa Redio. Akajipa moyo kwamba pengine kingamwili zimeshapungua. Wakafika zahanati akiwa hajasema neno.

Kipimo cha mwanamke kilitoa mstari mmoja. Cha fundi, miwili.

"Si kweli, ni chanjo!" akasema fundi, huku akitoa kwenye pochi kadi ya utafiti. Maneno yakamtoka yote kwa mpigo, yamechelewa. Mwoka keki aliisoma kadi mbele na nyuma, kisha akasema twende hukohuko. Kituoni daktari alirudia maelezo, akachukua damu, na siku tatu baadaye akawaonyesha jibu: kirusi hakuna.

"Mchumba wako ana moyo," daktari akamwambia mwanamke, bila kujua anafungua nini. "Wengi hujitolea, lakini yeye aliandika kwenye fomu yetu kwamba ni kwa ajili ya kaka yake aliyefariki kwa ugonjwa huu."

Fundi akatazama sakafu. Wiki haikuisha, shangazi wa mwoka keki akaja kuirudisha posa, bila maelezo.

Fundi akaamini ni ile mistari miwili iliyomkimbiza. Kwa miaka minne, kila alipokwenda kituoni kutolewa damu, aliuliza swali moja, kama kingamwili zimeisha, na muuguzi akamjibu vilevile: "Bado zipo. Mwili wako una kumbukumbu, kaka." Alitamani ziishe. Aliamini kingamwili zikiisha atapata uso wa kwenda kubisha hodi. Akawa anazunguka mtaa wa nyuma ili asipite mbele ya duka lile, na bado pua yake iliijua saa ambayo keki zinatoka jikoni.

Kisha asubuhi moja bosi wake akampa anwani. Friji la duka la keki limegoma.

Mwoka keki alipomwona mlangoni alishika kitambaa cha kufutia mikono, akakikunja. "Ni wewe waliyekutuma."

"Nikirudi wamtume mwingine?"

"Krimu itaharibika. Ingia."

Fundi akapiga magoti nyuma ya friji. Alipomaliza, akiwa bado amepiga magoti, akasema, "Bado zipo. Ningependa ujue kwamba sijaumwa hata siku moja."

"Nilijua tangu siku ile. Kipimo nilikielewa," akasema mwanamke. "Nilikuuliza mara ngapi kaka yako alikufaje? Ulinipa mpaka rangi ya gari. Nikajiuliza, mtu huyu nikiugua mimi, atasema nimekufa na nini?"

Mwoka keki akavuta stuli, akaketi. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaanza kwa kusitasita, halafu akafika hospitalini, ambako Redio alishindwa kunyamaza hata na kipimajoto mdomoni, mpaka wauguzi wakakihamishia kwapani, naye akawashukuru kwa kumrudisha hewani. Mwoka keki akacheka, kisha akafuta macho.

"Ningempenda shemeji yangu huyo," akasema.

Pembeni ya sinia, juu ya kisahani, palikuwa na pete ya ndoa aliyoivua mwoka keki ili akande unga. Fundi aliiona. Akasaini karatasi ya kazi, akaaga.

Jioni alikwenda kwa mama yake, akamkuta anakunja nguo.

"Mama, leo nimemhadithia mtu habari za Redio. Za kweli."

Mikono ya mama ikasimama. "Alicheka?"

"Alicheka."

"Ni nani huyo?"

Fundi alitaka kusema ni mteja tu. "Ni yule niliyetaka kumwoa," akasema. Mama akaisogeza nguo iliyokuwa kitandani, ili mwanawe apate pa kukaa.