Kipa wa Radi ya Mbeya

Edson alipoipangua penalti ya mwisho, Watanzania wa Dallas walimvamia golini wakamlalia mpaka bega lake bovu likamuuma. Walikuwa wamewafunga Warundi wa Houston kwao, kwenye uwanja ulio nyuma ya maghorofa ya Sharpstown, na wenyeji wakawakaribisha nyama bila kinyongo. Vénant, aliyepiga penalti ile, alikuja na sahani mkononi, akamtazama Edson kwa heshima.

"Mzee, wewe si mtu wa kucheza Jumapili tu. Ulidakia wapi?"

Ni swali ambalo Edson alikuwa hajaulizwa muda mrefu. Alidakia Radi ya Mbeya, na timu ya taifa ilikuwa imeanza kumwita. Kisha ikaja mechi ya kujinusuru na kushuka daraja. Dakika za majeruhi ilipigwa kona, na beki Erick, aliyepaswa kumkaba mshambuliaji mrefu wa wapinzani, alikuwa bado anabishana na mwamuzi. Mpira wa kichwa ulimgusa Edson vidoleni ukapita. Radi ikashuka. Jioni hiyohiyo Erick aliwaambia viongozi kwamba alimwona kipa wao hotelini, akizungumza na watu wa timu pinzani. Edson alipigwa getini na mashabiki waliokuwa wakimbeba juu wiki iliyotangulia. Nyumba ya mama yake ilirushiwa mawe, na yule mama hakukanyaga tena sokoni hadi alipokufa.

Akaenda Afrika Kusini, kisha akasajiliwa na timu ya daraja la pili hapahapa Houston. Misimu yote aliimaliza benchi, akiwapasha moto wenzake. Bega lilipochomoka mazoezini hawakumwongezea mkataba. Akahamia Mansfield, jirani na Dallas, akapata kazi ya kuendesha foklifti ghalani. Erick alikuja baadaye kusoma, akapata kazi nzuri ofisini Plano, hukohuko Dallas, na Watanzania wakamchagua mwenyekiti wao. Walipokutana msibani kwa mara ya kwanza, Erick alimkumbatia kama ndugu. Edson alimeza. Ugenini mtu hachagui atakayemzika.

Kabla hajamjibu Vénant, Erick alidakia maneno kutoka kwenye jiko la mkaa.

"Huyu alikuwa hatari, bwana. Siku akiamua kudaka, hapiti mtu. Ila siku wakimwona vizuri, anaokota nyavuni." Akasugua kidole gumba na cha shahada. "Si ndiye aliyetushusha daraja?"

Watu wakacheka. Vénant alicheka nusu, kisha akainamia sahani yake. Precious, binti wa Edson aliyezaliwa Houston, alikuwa amekaa kando ya boksi la barafu. Aliacha kutafuna.

Edson akamshika Erick mkono, akamtoa pembeni hadi kwenye uzio.

"Rudi uwaambie si kweli."

"Kaka, utani tu huo."

"Mwanangu amesikia. Ile kona, Erick, ulikuwa unamkaba nani?"

Erick akamtazama kwa mshangao, halafu kwa huruma. Akashusha sauti, asisikike. "Edson, tangu nimefika nchi hii nimekusitiri. Hakuna niliyemwambia nilichokiona hotelini. Leo limeniponyoka, nisamehe. Lakini usitake niseme sikuona."

Edson aliusaka uongo katika uso ule, asiuone. Alikuwa ameyajua macho ya washambuliaji, akajua nani anadanganya kulia na nani kushoto, na macho haya hayakudanganya. Erick alikuwa ameurudia uongo wake mwenyewe mpaka ukamwingia, ukawa kumbukumbu. Hasira aliyokuwa ameitunza miaka yote ikakosa mtu wa kumwangukia. Akamwachia mkono.

Waliondoka bila kuaga. Houston ilikuwa imebaki nyuma yao kitambo Precious alipoondoa visikizi masikioni.

"Dad, is it true?"

Edson akaegesha kwenye kituo cha mafuta, akazima gari, akamweleza yote: kona, kipigo cha getini, bibi yake aliyejifungia ndani. Hakuficha kitu, wala hakujipamba. Alipomaliza, binti yake alikuwa akichezea mkanda wa kiti.

"Nakuamini, Baba," akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye humjibu kwa Kiingereza siku zote. Alisema taratibu na kwa uangalifu, kama mtu anayempa pole mgonjwa, na Edson akatambua kwamba hataweza kamwe kujua kama kweli anamwamini.

Mwezi uliofuata Erick alipiga simu, kulikuwa na mechi na Wakenya. Edson akasingizia bega. Sasa Watanzania wa Dallas husema kipa yule anajisikia, na wengine, wakishashiba, huongeza kwamba hata kwao aliondoka vibaya.