Kangaga la Ofisini

...na akiitwa ndani atasema hivyo hivyo, Mwalimu Mkuu, nakuomba usimsimamishe masomo, kwetu hakufundishwa uharibifu, nimemlea kwa maneno si kwa fimbo, la, fimbo asiitaje, binti mwenyewe yupo hapa ubavuni, kainamisha kichwa, kitabu cha maktaba mapajani, kurasa zimechanwa kingo zote vipande vyembamba kama tambi, cha tatu hiki, na msichana yuko darasa la saba, si chekechea, "Sijui mkono unaanza saa ngapi, Baba," alisema jana mezani, na baba akacheka, kumbe mkono wako una akili zake, basi uoe uhame, na nyumba nzima ikacheka, isipokuwa binti... "Subirini kidogo, bado yuko kwenye simu," ni katibu muhtasi, na kopo lake la maji, anaipitia mimea yake, makangaga matatu, anavigeuza vyungu ili kila upande uonje dirisha, "Wewe naye, kunywa basi, usiniringie," majani yamefurika mpaka kwenye mkono wa kiti alichokalia baba, laini, kama manyoya ya kifaranga, na mwalimu akiuliza nyumbani kuna tatizo gani atajibu hakuna, hakuna kabisa, sijui tabia hii kaitoa wapi, ukoo mzima hatuna mtu wa...

"He, mzazi! Kangaga langu limekukosea nini?"

Anatazama chini, vidole vyake vimeshika kikonyo kitupu, kama mfupa wa samaki aliyeliwa, na pembeni kuna vingine viwili, vijani vimetapakaa kiatuni, "Samahani, dada, sikujua..." na neno limekwisha kutoka, sikujua, ndugu wa lile sijui la binti jana mezani, uso unawaka, na shuka ile ya utotoni mwake inamjia, yenye vishada pembeni, kila asubuhi kimepungua kimoja, na mama yake akikaa kizingitini na sindano, akivishona upya, hakuuliza, hakumwita mtu aje aone, na yeye miaka yote hii akadhani vilikuwa vinadondoka vyenyewe... binti ameinama, anaokota vijani kimoja kimoja, anavikusanya kiganjani, hacheki, laiti angecheka, katibu anasema acha mwanangu, vitaota vingine, na ile hotuba yote, ukoo mzima hatuna mtu, imemkaukia mdomoni, mlango bado umefungwa, simu ndani bado inaendelea, naye anaomba iendelee, iendelee kidogo tu, mpaka apate namna ya kumtazama mtoto wake.