Sori ya Yakani

Mume wangu Yakani alirudi kutoka jeshini na neno moja la Kizungu, akalitumia kwa kila kitu. Akimkanyaga kuku, sori. Wewe ukijikwaa, hata kama yeye yuko ng'ambo ya barabara, sori. Jirani amefiwa, sori. Hakusikia ulichosema, sori. Akitaka kupita katikati ya wanawake sokoni Koboko, sori, sori, sori, mpaka wanawake wanacheka. Mimi pia nilicheka, zamani.

Niliacha kucheka mwaka 1980, vita vilipotutoa Uganda tukakimbilia Kongo. Mama yangu alikuwa mgonjwa wa miguu kule kwake Lurujo, nasi tulikuwa na baiskeli moja. Mimi nilikuwa na homa, hata kuisukuma sikuweza. Na kwa desturi yetu mkwe hamgusi mama mkwe wake. Hata kumtazama usoni ni aibu. Akimwona njiani, anaingia majanini. Basi Yakani akapakia gunia la mtama, akasema tutangulie mpakani, atafute mwanamume mwingine wa kurudi kumbeba. Mama mwenyewe alikubali, kwa heshima. Mtu alipopatikana, njia ilikuwa imefungwa na askari. Mama akafa peke yake, akazikwa na jirani yake, Rosina.

Kubeba mtama na kuacha mama. Hilo nililimeza miaka sita kule Kongo, na Yakani hakuniambia neno. Mtu anayemwomba radhi kuku.

Tuliporudi mwaka 1986 nikamwambia wazi: sipangi mafiga yangu nyumbani kwako Dranya mpaka uende kaburini kwa Mama ukaseme. Usiposema, nabaki Lurujo. Asubuhi akafunga blanketi lililokunjwa kwenye keria, nyuma ya baiskeli. Nikadhani ananitengenezea mimi kiti, lakini aliisukuma njia nzima bila kunikaribisha, nami nikatembea na hasira zangu.

Rosina alituonyesha kaburi nyuma ya shamba la muhogo, akatuacha. Yakani akasimama mbali, amegeuza uso, kama vile Mama angetokea mlangoni.

"Hata leo wewe naona haya?" nikamuuliza. "Sori yako iko wapi?"

"Margarita, ile sori mimi nasema kwa kuku," akajibu, akitazama chini. "Miaka sita mimi natafuta ingine ya mama. Hapana pata."

Ndipo akasogea. Akapiga magoti, akang'oa majani kwa mikono mpaka udongo ukaonekana. Kisha akaileta baiskeli, akailaza pale mpaka keria ikagusa kaburi, akaweka kiganja juu ya blanketi. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nikamsikia akizungumza na mama yangu.

"Mama," akasema. "Baskeli iko. Panda, twende nyumbani."

Akangoja. Akangoja muda ule ambao mgonjwa wa miguu angehitaji, kisha akaiinua baiskeli polepole.

Nililia. Sioni haya kusema, nililia sana. Tukashika njia ya Dranya, yeye mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma, ameshikilia blanketi lisilo na mtu. Watu waliokuwa wakitoka sokoni walitushangaa. Hakuwajali.

Karibu na kijito gurudumu likaingia shimoni, baiskeli ikatikisika.

"Sori, mama," akasema kwa sauti ndogo, bila hata kufikiri.

Nikazunguka upande wa pili, nikamshikilia Mama asianguke, tukaenda hivyo mpaka Dranya.