Nukta ya Kijani

Kazini walimwita Bi Katikati, na yeye hakuchukia. Kila aliyepita mlangoni kwake alimsikia akiuliza, "Uko katikati?" Alikuwa akiulizia mwale. Chini ya jengo lile kulikuwa na mashine iliyokimbiza chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ndani ya bomba la chuma lililonyonywa hewa yote. Chembe hizo zilijibana kama uzi, na uzi huo, ndio mwale, ulitakiwa upite katikati ya bomba. Ukiegemea upande, unalamba ukuta, na chuma kinaungua.

Kwa kuwa hakuna awezaye kuuona mwale, Bi Katikati alipachika vihisio kuzunguka bomba: juu, chini, kushoto na kulia. Mwale ukipita, kila kihisio hutoa mshtuko mdogo wa umeme, na kilicho karibu zaidi hupiga kelele zaidi.

"Ni kama kumsikiliza mtu anayepita nyuma ya ukuta," aliwaeleza wageni. "Upande wa sikio lililomsikia vizuri zaidi ndiko aliko."

Mishtuko hiyo iligeuzwa kuwa nukta ya kijani kwenye skrini, na aliyetunga programu ya kuigeuza alikuwa wifi yake. Walikuwa marafiki tangu chuoni, chanda na pete. Bi Katikati ndiye aliyempeleka nyumbani kwao, akakutana na mdogo wake wa kiume, wakapendana. Siku ya harusi Bi Katikati alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikang'oka, akaendelea pekupeku.

Wageni wakuu wakatangazwa. Mkurugenzi alitaka waikute mashine ikienda kwa nguvu zote. Siku yenyewe nukta ilitulia katikati ya skrini kama yai kwenye kiota, na Bi Katikati akawa anajisifu kimoyomoyo. Ghafla ving'ora vikalia. Mwale ulikuwa umetoboa bomba, hewa ikaingia, na mashine ikazimika mbele ya wageni. Hakuna aliyeumia, lakini matengenezo yangechukua miezi.

Kesho yake wakaitwa ofisini kwa mkurugenzi.

"Mwale umegonga ukuta, skrini inasema uko katikati," mkurugenzi alisema. "Nani atanieleza?"

Wifi alijibu huku akitazama meza. "Vihisio vilikuwa na kasoro. Nilimwambia fundi wake, akanijibu kwamba ni vizima."

Fundi huyo alikuwa Bi Katikati, na maneno hayo hakuwahi kuambiwa. Alimgeukia wifi yake akingoja acheke, aseme ameteleza ulimi. Wifi hakuinua macho. Bi Katikati alitoka mle amevuliwa kazi ya vihisio mpaka uchunguzi uishe, amebebeshwa gunia la misumari peke yake.

Bado alimtetea moyoni. Amepaniki, alijiambia, hofu humsemesha mtu asichokusudia. Akaomba ruhusa ya kuvikagua vihisio vyake, akavikuta vizima vyote. Kisha akapeleka umeme wa kiasi kimoja kwenye nyaya zote nne. Masikio yote yakisikia sawasawa, nukta haina budi kusimama katikati.

Nukta ilisimama kulia.

Alirudia. Kulia tena. Akaelewa. Mwale ulikuwa umehama kushoto, na mtu akaisukuma nukta kulia kwa makusudi, ili skrini ionyeshe mambo shwari. Nywila ya programu ile ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Jumapili alikwenda kwa mdogo wake. Wifi alikuwa anakunja nguo sebuleni, tumbo la ujauzito limeanza kuonekana.

"Uliisukuma nukta," Bi Katikati alisema kabla hajaketi.

Wifi aliendelea kukunja shati lile lile. "Sumaku moja kati ya zile zinazoushika mwale katikati ilikuwa imelegea. Kuirekebisha kungezima mashine, na wageni walikuwa mlangoni. Nilidhani itahimili siku moja tu. Mkurugenzi alikuwa ameniahidi ukuu wa kitengo."

"Hilo ningekusamehe. Lakini mbona ukanitupia mimi?"

Aliyejibu ni mdogo wake, kutoka mlango wa jikoni.

"Dada, usimchongee. Unaona hali yake. Wewe huna mume wala mtoto wa kukutegemea, kazi utapata popote."

Bi Katikati alimtazama mtu ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni utotoni. "Wewe ulijua lini?"

"Kabla ya mkutano." Sauti ilishuka. "Tulilizungumza pamoja."

Tulilizungumza pamoja. Neno hilo ndilo lililomkata maini. Wifi angeweza kusingizia woga, lakini hawa wawili waliketi, wakapima, wakaona yeye ndiye wa kutolewa kafara. Aliondoka bila kuaga.

Jumatatu aliwaita mkurugenzi na wachunguzi washuke chini, wifi akiwemo. Hakumtaja mtu. Programu ilikuwa imefungwa isiguswe tangu ajali. Alipeleka umeme ule ule kwenye nyaya nne, nukta ikasimama kulia mbele ya wote.

"Vihisio vinasema kweli," alisema. "Aliyeandika programu atueleze nukta imesogezwaje."

Wifi alilia kabla hajafungua kinywa. Akakiri. Alihamishiwa tawi jingine, kazi ya makaratasi, na Bi Katikati akarudishiwa vihisio vyake. Wenzake walimpongeza. Aliwashukuru, akaenda chooni akanawa uso mara mbili na bado macho yalikuwa mekundu.

Mdogo wake aliacha kupokea simu zake. Miezi ikapita, bomba jipya likafungwa, mwale ukarudi. Asubuhi moja mama yao akapiga.

"Kuna mtoto wa kike kwa mdogo wako. Mzuri huyo! Shangazi mtu unakuja lini?"

"Nikialikwa, mama."

"Shangazi gani anaalikwa?"

"Huyu," alisema.

Mama akashusha pumzi, kisha akaanza kuzungumzia mvua.