Mpira wa Wavivu

Daktari wa usingizi alikuwa na maneno mengi kwa mtu ambaye kazi yake ni kulaza wengine. Juzi tu aliwakusanya wenzake wa chumba cha upasuaji akawawekea sheria: ukijaribu mara mbili kuingiza mpira wa hewa kooni mwa mtoto ukashindwa, acha, na yeyote aliyemo chumbani ana ruhusa ya kukwambia basi. Moyoni alijua sheria hiyo ni ya wengine. Mkono wake yeye ulikuwa haujawahi kumwangusha, na hakukuwa na mtu pale ambaye hajaambiwa hivyo.

Kisha akaletewa binti mdogo mwenye ngiri, na kidevu kifupi kilichorudi nyuma.

"Mama, ondoa shaka, amefika kwa mwenyewe," alimwambia mama mtu, kichwa kimemvimba hadi kofia inambana.

Mtoto akalala. Daktari akafungua kinywa, akamulika, akaona ulimi tu, njia ya hewa haionekani. Wakampa mtoto hewa kwa barakoa, daktari akabadilisha kifaa, akarudi. Ulimi tena, na sasa damu kidogo. Barakoa nayo ikaanza kugoma, hewa haipiti, na mlio wa mashine ukazidi kuwa mzito kadiri hewa ilivyopungua mwilini mwa mtoto. Jasho likamtiririka daktari mpaka ndani ya glavu.

"Nimeshaiona njia," alisema, uongo mtupu, akanyoosha mkono mara ya tatu.

"Basi, daktari," alisema muuguzi.

"Basi, kaka," alisema daktari wa upasuaji. "Sheria yako hiyo."

Daktari wa usingizi alitamani ardhi immeze. Lakini midomo ya mtoto ilikuwa inageuka rangi, na akaogopa, akaogopa kweli. "Nipeni ule wa wavivu," alisema. Ndivyo alivyouita ule mpira mfupi wenye mdomo mpana, unaokaa kooni juu ya mlango wa njia ya hewa bila kuingia ndani yake, na alikuwa akiwacheka wenzake kwa kuutumia. Ukateleza, ukakaa. Kifua cha mtoto kikapanda.

Baadaye binti aliamka akidai maji.

"Amewasumbua?" mama alimuuliza daktari.

"Hapana, mama. Niliyesumbua ni mimi. Koo lake ni gumu kuingiza mpira. Siku akihitaji kulazwa usingizi tena, waambie mapema, waanze na..."

Muuguzi aliacha kukunja shuka, akamtazama.

"Waanze na mpira wa wavivu," akasema daktari. "Wakicheka, waambie nimekutuma mimi."