Pedali ya Mama Seif

"Seif, nimekuuliza pedali yangu iko wapi, yunifomu za watu ziko mezani—"

"Iko, Mama, haijapotea, ni vile tu nimeiazima—"

"—na Jumatatu shule zinafunguliwa, nitawaambia nini—"

"—hata nyaya sijakata zote."

"Zote?"

Hapo Seif akajua mdomo umemponza. Kibanda cha gemu cha Lorine kilikuwa kimejaa vijana wa mtaa wa Manyatta mpaka mlangoni, na wote walikuwa wameacha skrini kumtazama mama yake. Mama huyo, Habiba, fundi cherehani, aliifuata kwa macho waya iliyotoka kwenye kontrola, ikapita chini ya benchi, ikaishia kwenye pedali ya mashine yake. Juu ya pedali kulikuwa na mguu wa Enos.

Enos alikuwa mtu wa boda mpaka lori lilipomgonga pale Kisian. Tangu hapo vidole vya mkono wa kulia vilikataa kukunjika. Mkono unasukuma, lakini haushiki, na kwa pikipiki mkono huo ndio unavuta mafuta. Akakaa nyumbani, akawa mtu wa kusalimiwa tu na kuonewa huruma. Hata gemu ya magari, ambayo jina lake lilikuwa limepakwa rangi ukutani kwa Lorine kama bingwa, ikamshinda. Huko nako mafuta yanabonyezwa na kidole cha kulia. Halafu Robinson, wa mtaa wa Milimani, akatangaza kwamba Jumamosi hii anakuja kushindana na Enos, na jina hilo linafutwa.

Seif, aliyeacha uhandisi chuoni lakini hajawahi kuacha kufungua vitu vya watu, akaifungua kontrola. Akachomelea nyaya pale kwenye kitufe cha mafuta, akaongeza kipande alichong'oa kwenye redio mbovu, mpaka pedali na mashine ya gemu zikaelewana.

Shida ilibaki kwa Enos. Kwenye raundi ya kujaribu alikanyaga kwa hasira, na kila kona gari likaruka nje ya barabara. Robinson, aliyekuja na kontrola yake ndani ya kipochi cha zipu, akauliza kama wakimaliza magari watamshonea na suruali. Watu wakacheka, hata wa Manyatta.

Habiba hakucheka. Aliinama, na Seif akadhani anang'oa waya. Kumbe anampiga Enos kibao kidogo cha goti.

"Wewe, unaua nyoka? Weka kisigino chini, kanyaga na vidole. Kwa kona fanya kama unashona kola. Legeza, zungusha, ndio uende."

"Nikilegeza si ataniacha, Mama?"

"Kola ikiharibika unafumua yote. Legeza."

Enos akavua kiatu. Mbio zikaanza, na kweli Robinson akamwacha. Kona ya kwanza Enos alilegeza, gari likazunguka bila kuteleza. Ya pili vilevile. Habiba, mikono kiunoni, alikuwa akisema chinichini: kola hiyo, polepole, sasa huo ni upindo wa pazia, kimbiza. Vidole vya mguu vikasikia. Kona ya mwisho Robinson akaingia na moto wote, akakwaruza ukuta, na Enos akapita kwa ndani kama uzi kwenye tundu la sindano.

Kibanda kikatetemeka. Watu walipiga mabati, benchi likaanguka, Lorine akakumbatia televisheni yake isije nayo ikaanguka. Robinson alitaka kujua pedali hiyo inauzwa wapi, na Seif, uso mkavu, akamwambia ni ya Japani, mpaka uagize.

Habiba akanyoosha mkono apewe mali yake. Seif akainama kufungua nyaya, lakini Enos hakutoa mguu. Wote wakadhani anataka kurudia.

"Mama Seif," alisema. Hakuwa na habari na skrini tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya paja, unasukuma kitambaa cha suruali mbele, taratibu, kana kwamba kuna sindano inakingoja. "Ile mashine yako ya pili, ile umefunika. Nifunze kushona."